Neno la mwaka 2026 kwa mshona kwilti: nimekwama, naombeni ushauri

MamaViraka (Sakina, Arusha), 28 Desemba, saa 3:40 usiku

Habari za sikukuu wana jukwaa. Najua nusu yenu mko uchagani mnakula mtori na hamna habari na simu, ila mtandao ukishika naombeni mnisaidie.

Mimi nashona kwilti. Kwa asiyejua, ni blanketi la vipande: unaunganisha vipande vya vitambaa upate uso, chini unaweka bitana, katikati pamba, halafu unapitisha nyuzi kwenye tabaka zote tatu zishikane. Watu wa pwani wana neno lao la zamani, mfarishi. Hapa mtaani wananiita mama viraka na nimeshazoea.

Kila mwisho wa mwaka mimi na wenzangu watatu huwa tunachagua neno, kila mtu lake, la kumwongoza mwaka mzima. Desturi hii tumeiokota kwa washona kwilti wa Marekani mtandaoni. Wengi wao huchagua neno moja badala ya kujiandikia orodha ya malengo ambayo Februari imeshapotea. Ukishalipata unalitarizi kwenye kitambaa kidogo unakining'iniza juu ya cherehani.

2023 langu lilikuwa JIFUNZE. 2024 POLEPOLE. 2025 nikajifanya shujaa nikachagua THUBUTU, na kweli nimethubutu: nimeanza kwilti nane, nimemaliza moja. Saba zimekunjwa ndani ya mfuko wa shangazi kaja chini ya kitanda.

Sasa niko kati ya MALIZA na INATOSHA. La pili ni kwa sababu siwezi kupita kwa mafundi bila kuomba makapi ya vitenge, na sokoni Krokoni nikiona shati la pamba la mia tano mkono unaenda wenyewe. Mume wangu kapendekeza LALA.

Nichague lipi? Na ninyi mnaochagua mnachaguaje?

Mangi_Rau (Moshi), saa 3:52 usiku

HELA. Uzi ufungwe.

nyuzi40, saa 4:15 usiku

MALIZA, dada. Mimi mwaka jana neno langu lilikuwa hilo na lilinisaidia. Ila nikuonye, ni neno la kugomba. Kila ukiketi kwenye cherehani linakukaripia kama mama mkwe, na kufika Juni, baridi ya Arusha nayo imekaza, nilikuwa nakaa sebuleni kusudi nisilione.

Fundi_Kijenge, 29 Desemba, saa 12:30 asubuhi

Dada, mimi ni fundi cherehani, maneno ya mwaka siyajui. Nina swali moja. Hizo saba zimekwamia wapi?

Nauliza kwa sababu hapa kibandani suruali zikianza kurundikana, simgombezi kijana wangu kwamba amalize. Naangalia zote zimesimama hatua gani. Mara nyingi utakuta zote zinasubiri zipu, na zipu zimeisha. Nenda kazihesabu, uje useme.

MamaViraka, saa 3:05 asubuhi

Fundi umenitoa kitandani. Nimezimwaga zote saba.

Zote uso umekamilika. Zote zimepigwa pasi. Hakuna hata moja iliyokwama kwenye kukata wala kuunganisha. Zote zimekwama kwenye bandi, ule mshono wa muda wa kushikisha tabaka.

Niwaeleze wasiojua. Kwilti yangu ya kawaida ni inchi 60 kwa 84, vipande 140 vya mraba, kila kimoja nakata inchi 6 na nusu ili kikishashonwa kibaki 6. Hiyo kazi ni tamu, naifanya huku napika. Lakini uso ukiisha, inabidi utandaze bitana sakafuni, na bitana iwe imezidi uso kwa inchi 3 au 4 kila upande. Unaivuta, unaibana na selotepu isicheze. Juu yake pamba. Juu yake uso. Halafu unatambaa kwa magoti ukipiga bandi kutoka katikati kwenda nje, au unabana na vikwasi, kila upana wa kiganja kikwasi kimoja. Ukiwa peke yako ukilainisha huku kule panakunjamana, na mkunjo wa bitana huuoni mpaka umeshashona na kugeuza. Sebule yangu ina makochi na watoto. Mara ya mwisho mwanangu wa pili alipita juu na ndala zenye tope la Sakina, mnalijua.

Kwa hiyo uso ukiisha nakunja, naanza mwingine.

Fundi_Kijenge, saa 3:20 asubuhi

Basi zipu zako ndizo hizo.

nyuzi40, saa 4:00 asubuhi

Kumbe. Basi jaribu kutia pamba kipande kwa kipande. Unashona fungu dogo la inchi 20 hivi na pamba na bitana yake kabisa, halafu mafungu unayaunganisha mwishoni kwa utepe. Husukumi blanketi zima chini ya mkono wa cherehani. Mimi yangu ni ile nyeusi ya miguu na ule mkono ni mfupi, blanketi kubwa likijaa pale hata kugeuza huwezi.

Ila kwa nyuso ambazo tayari ni nzima haisaidii, ungelazimika kuzikata. Samahani, nimejijibu mwenyewe.

BintiMpare, saa 7:10 mchana

Mimi natoka Same na neno ninalo: MSARAGAMBO.

Kwetu mfereji ukiziba hakuna anayeamka peke yake na jembe akasema mwaka huu neno langu ni chimba. Watu wanaitana, siku moja maji yanapita. Wewe unachagua neno la mtu mmoja kwa hatua inayotaka mikono minane.

Na hao Wamarekani mliookota kwao desturi ya neno, mbona hamkuokota na hii? Akina mama wa Gee's Bend kule Alabama, wale waliokuwa wanashona kwa nguo kuukuu za shamba, kila mmoja aliunganisha uso wake nyumbani kwake kwa namna yake, halafu kwenye kuzishona tabaka walikutana na majirani. Kwilti zao zilioneshwa kwenye jumba la makumbusho la Houston mwaka 2002, na 2006 zikatoka kwenye stempu za posta za Marekani. Viraka hivyo hivyo unavyochekwa navyo mtaani.

Bibi_Njiro, saa 10:45 jioni

Mwanangu, nimesoma yote. Hilo la msaragambo silikatai, ila nitasema ninachokijua. Nimeita watu kushona mara mbili maishani mwangu. Mara ya kwanza walikula ndizi sufuria zima na tukapiga bandi nusu ya kwilti. Mara ya pili mmoja alishona vizuri na wanne walishona kama njia ya ng'ombe, nikakaa wiki nzima nafumua wasije wakajua. Mwite anayejua kushika sindano. Wengine wapike.

Tena neno liwe kitu unachoweza kukitii ukiwa umechoka na umeme umekatika. INATOSHA huwezi kulitii, utaishia kubishana nalo pale Krokoni na shati utanunua.

Halafu nikuulize. Umesema mwaka ule ulichagua THUBUTU. Ulitaka kuthubutu nini?

MamaViraka, saa 3:30 usiku

Shikamoo bibi.

Nilijua kuna mtu atauliza. Mama yangu alifariki 2022. Nina doti zake mbili za khanga. Moja imeandikwa NANI KAMA MAMA, najua kila mtu anayo, lakini hii ni yake. Nilisema 2025 nitazikata nishone kwilti yake, ndiyo sababu ya lile neno. Nilinoa mpaka mkasi. Kila nilipozitandaza nikakumbuka kuna makapi mapya ya vitenge, nikaanza kitu kingine. Nikiangalia sasa naona zile nane zote nilizianza ili nisiguse hizo mbili.

Sikutaka kuandika hili hapa lakini basi.

Bibi_Njiro, saa 3:41 usiku

Marahaba mwanangu. Pole sana.

Mangi_Rau, saa 3:50 usiku

Pole dada. Nafuta ile ya hela.

nyuzi40, saa 4:02 usiku

Pole mpenzi. Siku ukiamua kukata, usikate ovyo kama kitenge. Khanga ina pindo la kuzunguka, ina mji katikati, na jina, yale maandishi, linakaa sehemu ya chini ya mji, juu ya pindo. Kata lile jina zima kama ukanda mmoja uliweke katikati ya uso, mji na pindo ndiyo uvitoe vipande vya kuzunguka. Ukianza kukata miraba ya inchi 6 utajikuta na NAN pembeni na AMA kule.

Na ufue kwanza, kama ina nyekundu hasa. Lowesha kitambaa cheupe, weka juu ya khanga, piga pasi ya moto. Kikitoka na rangi, ujue inachuja, endelea kufua mpaka maji yatoke safi. Watu watakwambia uiloweke na chumvi. Chumvi inasaidia rangi kuingia wakati wa kutia rangi, kitambaa ambacho kimeshatiwa haikishikilii kitu.

Fundi_Kijenge, 30 Desemba, saa 1:00 asubuhi

Kwa nini mnamkatisha? Dada, usikate.

Khanga moja ni kama sentimita 150 kwa 110, yaani inchi 59 kwa 43. Doti moja ni khanga mbili. Ukiziunganisha kwa ule upande mrefu unapata kama 59 kwa 85 au 86. Wewe mwenyewe umesema kwilti yako ni 60 kwa 84. Zungushia kitambaa cha rangi moja, inchi 4 kila upande, inakuwa 67 kwa 93 au 94. Hiyo ni bitana kamili, na ziada yake ya kuvuta ipo. Angalia tu majina yote mawili yaelekee upande mmoja, usije ukalala na moja kichwa chini.

Juu weka uso wowote katika hizo saba. Mkasi haugusi kitu cha mama. Na doti ya pili inabaki unajifunga.

BintiMpare, saa 1:20 asubuhi

Fundi nani alikufundisha hesabu, mimi nimelia kwenye daladala watu wananiangalia.

Bibi_Njiro, saa 2:15 asubuhi

Varanda yangu ina vigae, futi 12 kwa 20, na haina makochi. Watoto wamekwenda zao mjini. Magoti yangu hayatambai tena lakini macho ya kuona mkunjo ninayo.

MamaViraka, 1 Januari, saa 4:25 asubuhi

Heri ya mwaka mpya. Samahani kwa kimya, nilikaa na haya mambo siku mbili.

Nimezipima. Zimeshafuliwa sana, zimepungua kidogo, zimetoka 57 na nusu kwa 82 zikiunganishwa, kwa hiyo nitazungushia inchi 5 badala ya 4. Nimechagua ule uso wa bluu na kahawia, wa mashati ya Krokoni, kwa sababu mama ndiye aliyenifundisha kuchagua shati kwa kulipima kwa vidole.

Neno sijalitarizi, nimeliandika kwa chaki kwenye ubao wa cherehani: BANDI. Binti, MSARAGAMBO nalipenda ila herufi ni kumi, kitambaa changu ni kidogo, na hatua niliyokwama ndiyo hii. Kisha nimelipenda kwa sababu bandi unaipiga ukijua utaifumua. Inashika tu mpaka mshono wenyewe uje. Nikikosea nafumua, hakuna aliyekufa. Mume wangu kaliona leo asubuhi akauliza nani tena kaniuzia kitu bandia.

Bibi, varanda ikiwa bado ipo, Jumamosi tarehe 10 itakufaa? Nitakuja na nyuso mbili tu, si saba. Pamba ninayo ya moja, ya pili nitatumia blanketi jembamba la mtumba.

Bibi_Njiro, saa 5:02 asubuhi

Itafaa. Saa 3 kamili, si saa 3 ya harusi. Njoo na vikwasi vyako, vyangu vimeshika kutu, vitaacha alama kwenye khanga.

nyuzi40, saa 5:10 asubuhi

Nakuja na uso wangu mmoja wa siri. Msiulize una miaka mingapi.

Fundi_Kijenge, saa 6:40 mchana

Jumamosi nina kazi mpaka saa 7. Nitapita baadaye na futi kamba.

Mangi_Rau, saa 6:44 mchana

Mimi sijui kushika sindano. Kwa mujibu wa bibi nitapika. Makande au ndizi?

Bibi_Njiro, saa 6:50 mchana

Makande. Ndizi tulishazijua mwisho wake.