Tupeane uzoefu: fenicha ya mbao ya zamani, uliipaka rangi ilingane na chumba au uliiacha na rangi yake ya mbao?

Mpangaji wa Isevya
Mwadila wadau. Nimehamia Isevya hapa Tabora, sebule ya krimu, mapazia ya kijani kilichokolea. Kinachoniumiza kichwa ni kabati la vyombo la marehemu bibi: mbao ya mninga mtupu, ila limepigwa vanishi juu ya vanishi hadi limekuwa jeusi tii. Pembeni kuna stuli na shelfu la paini. Mdogo wangu anataka vyote viwe vyeupe. Mliowahi kupaka, njooni mseme ilikuwaje. Picha za mitandaoni nimeshashiba.

Fundi Gongoni
Mkuu, mninga haupakwi rangi. Watu wa Dar wanausaka huu mninga wa kwetu kwa udi na uvumba, wewe unataka kuufunika kwa kopo! Kuna mama wa Cheyo aliniletea kabati kama hilo, naye kashikilia nyeupe. Nikamwomba anipe mlango mmoja tu. Nilikwangua vanishi yote, nikapita na msasa namba 80, kisha 120, nikamalizia na 220, nikifuata urefu wa nyuzi za mbao. Ukisugua kukatisha nyuzi, mikwaruzo huioni hadi vanishi mpya ikauke, na hapo umeshachelewa. Chini ikatoka ile hudhurungi yenye dhahabu. Vanishi isiyong'aa, mikono miwili, yaani kuipaka mara mbili, basi. Mama mwenyewe akasema milango iliyobaki ifuate. Na kijani chako kitaelewana nayo kuliko hiyo nyeupe.

Dada wa Kiloleni
Fundi, usimtishe mwenzio. Mimi langu ni la mninga, nimelipaka na silijutii. Ila fundi wa kwanza alikuja na rangi ya maji nyeupe, akaipaka moja kwa moja. Haikuchukua muda madoa kama chai ya rangi yakachomoza. Akaongeza mkono, yakarudi! Wa pili ndiye aliyenieleza kwamba mninga una rangi yake nyekundu ndani, ikikutana na maji ya rangi inayeyuka na kupanda juu. Akakwangua, akatanguliza praima ya mafuta, ile rangi ya chini ya kuandalia mbao, akaiacha ikauke kabisa ndipo akapaka nyeupe. Hadi leo halina doa.

Mama Ujiji
Wanangu, nyie mnaongelea sebule. Kabati la jikoni huku Kigoma lina jambo lake: mawese. Pale mlango unaposhikwa na pale dumu linapokaa, mafuta yameshaingia ndani ya mbao. Ukianza na msasa unayasambaza tu, na rangi haitashika. Langu nililiosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, nikarudia hadi vidole vikaacha kuteleza, nikasuuza, nikalianika kivulini. Msasa ukafuata baadaye. Rangi nilipewa na mjomba wenu wa Kibirizi, bluu iliyobaki kwenye mtumbwi wake, na kwa bahati ikaoana na vigae vya jikoni. Wageni wananiuliza kama nalipeleka ziwani.

Mpangaji wa Isevya
Shikamoo mama. Harufu je?

Mama Ujiji
Marahaba. Ilinuka haswa! Vyombo vilikaa nje ya kabati na milango wazi hadi harufu ikaisha. Usiwe na haraka ya kurudisha sahani. Rangi ya mafuta unaigusa unaona imekauka, kumbe bado laini, kitako cha sahani kinaacha alama.

Mwalimu wa Gungu
Niongezee kwenye kulinganisha. Usichague rangi kwa kutazama karatasi ya dukani. Paka kipande cha ubao, kisimamishe chumbani, kitazame mchana, halafu usiku taa ikiwaka. Krimu niliyoipenda mchana, usiku ilikuwa njano. Pia mabaki ya rangi ya ukutani yasikushawishi kwa sababu yanafanana na ukuta. Jirani yangu aliyapaka kwenye shelfu, vitabu vikawa vinanata, ukivuta kimoja kinatoka na ganda. Na kama fenicha ilishapakwa rangi miaka mingi iliyopita, usiipige msasa mkavu ndani ya nyumba yenye watoto. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi. Lowesha msasa, fanyia nje, vaa barakoa.

Mpangaji wa Isevya
Basi kabati nalikwangua, libaki mninga. Shelfu na stuli nazipaka kijani cha mapazia. Mdogo wangu kanuna.

Fundi Gongoni
Sawa kabisa. Kiangazi hiki mwagia maji uani kabla hujafungua kopo, la sivyo vumbi litakauka pamoja na rangi. Stuli zigeuze, anza na miguu. Na kwenye vifundo vya paini pitisha praima mara mbili.

Dada wa Kiloleni
Kumbe praima unaijua, fundi!