Nondo za nje bei chini mno: ushuru wa kuzuia bei ya kutupa unaombwaje?

Mjenzi wa Nzuguni: Wakuu, hapa Dodoma kuna nondo za nje zinazouzwa chini ya za viwanda vyetu. Je, bei ndogo pekee inatosha kuomba ushuru huo, yaani ule wa ziada (anti-dumping) kwa bidhaa za nje zinazouzwa kwetu chini ya bei ya kwao?

Mhasibu Kizota: Haitoshi, mkuu. Kanuni za WTO, yaani Shirika la Biashara Duniani, zinataka uthibitishe mambo matatu: wanatuuzia chini ya bei ya soko la kwao, viwanda vya hapa vimeumia, na kilichoviumiza ni nondo hizo. Hesabu huharibika pale unapochukua bei ya bandari ya Dar, yenye nauli ya meli ndani yake. Bei zote mbili zirudishe kwenye geti la kiwanda. Kwao ikiwa dola 600 kwa tani na kwetu 510, tofauti ni 90, yaani asilimia 17.6 ya 510. Ikishuka chini ya asilimia 2, uchunguzi unafungwa.

Forodha: Na viwanda vya ndani vinavyounga mkono ombi vifikishe angalau asilimia 25 ya uzalishaji wa ndani. Uchunguzi ni miezi 12, ukizidi sana 18. Ushuru hukoma baada ya miaka 5 usipopitiwa upya.

Fundi Chuma: Pimeni uzito kwanza, jamani, huenda bei ni ndogo kwa sababu nondo zimepunjwa! Nondo ya milimita 12 ni kilo 0.888 kwa mita. Urefu wa mita 12 ni kilo 10.66. Mzani ukisoma kilo 9, huo ni wizi wa uzito, pelekeni TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Inaniuma sana, maana nondo hizo ndizo zinazoingia kwenye nguzo za nyumba za watu.