Yule mama wa HR pale Posta ameniambia nimevaa koti bila shati

Fundi Bolti
Wakuu, nimetoka intavyuu sasa hivi. Naandika nimekaa kwa muuza kahawa, mikono inatetemeka.

Yule mama wa HR pale Posta. Msiniulize yupi, mnamjua. Yule wa miwani ya cheni, anayekuita "kijana" hata ukiwa na mvi. Leo kaniambia, mbele ya watu watatu, AC inapuliza baridi ya Makete: "Kijana, wewe umevaa koti bila shati."

Koti bila shati! Mimi!

Chanzo ni CV. Nimeandika MEng, yaani mastaz ya uhandisi, upande wa mitambo, Uingereza, miaka minne. Akapitisha kidole toka juu mpaka chini, akageuza karatasi nyuma utadhani digrii ya kwanza imejificha huko, akaiinua kwenye taa. "Mastaz naiona, digrii iko wapi?" Nikamweleza kwa adabu zote, na shikamoo nilishatoa mlangoni: mama, kwa wenzetu hii ni kozi moja, unaingia na matokeo ya kidato cha sita, unatoka na cheti kimoja tu cha MEng. Cha katikati hakuna. Ndipo akavua miwani, akamgeukia mwenzake, akalitoa hilo neno la koti. Na yule injinia wao waliyemkalisha pembeni, mtu aliyepaswa kunitetea, akacheka mpaka korosho ikampalia.

Kinachoniua ni hiki: jamaa niliyeanza naye alichoka hesabu, akaomba kuishia mwaka wa tatu, wakampa BEng yake, digrii ya kwanza ya uhandisi. Huyo leo angepita! Mimi niliyekomaa mwaka mzima zaidi ndiye sina shati.

Barua ya TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, ya kukitambua cheti nilikuwa nayo. Nikamkabidhi. Akaweka kikombe cha chai juu yake. Ninayo hapa, mhuri una duara la chai ya tangawizi.

Koti bila shati, mbele za watu. Yule mama hata Newton angemdai cheti cha chekechea.

Mkorosho Mkavu
Uzi bila picha ni chai. Leta hiyo barua tuone kama chai ni ya kweli.

Nyamaza Nilale
Mkuu, lakini shati ulivaa?

Shemeji wa Taifa
Nimecheka peke yangu kwenye daladala mpaka konda kaniuliza kama niko sawa. Kuanzia leo wewe ni Koti.

Fundi Bolti
Chekeni, hamkuwepo. Alilisema taratibu, neno moja moja, kama anamsomea mtoto imla. Koti. Bila. Shati.

Mama Ubwabwa
Huyo mama namfahamu, mimi aliniuliza kwa nini CV yangu ina mwandiko wa kadi ya harusi. Ila kwa hili namtetea. 2017 watumishi 9,932 walikutwa na vyeti feki nchi nzima ikashuhudia, sasa HR gani akutane na pengo kwenye CV anyamaze? Ungefafanua palepale kwamba kozi inaunganisha ngazi mbili, yasingekukuta.

Fundi Bolti
Barua ya TCU imefafanua! Mstari wa tatu! Kikombe kilikuwa kimeshaufunika.

Mzee wa Podfak
Vijana mnalia na Uingereza. Sisi wa Chuo Kikuu cha Lumumba pale Moscow tulipiga mwaka mzima wa kumeza Kirusi, kisha mitano ya uhandisi, tukarudi na MSc mkononi, nyuma yake hakuna digrii yoyote. Enzi za Mwalimu ulikuwa unapokelewa, unapewa kazi na nyumba.

Shemeji wa Taifa
Mzee, hizo nyumba za serikali baadaye mkauziana. Tusifukue.

Binti Makorora
Nyie mna bahati mnaulizwa. Bosi wangu alipokelewa kwenye MBA ya Uingereza kwa diploma na uzoefu wa kazi, digrii hana, na ndiye ananisainia likizo mimi niliyekaa Mlimani miaka mitatu. Kila kikao "tulipokuwa kule tulifundishwa". Kule wapi? Alisomea mtandaoni akiwa Tabata.

Mkorosho Mkavu
Wivu huo. Vyuo kadhaa vya kule vinaruhusu, si kosa lake.

Binti Makorora
Ruhusa sikatai. Nakataa kuitwa "nyinyi mliosomea hapahapa" na mtu wa Tabata.

Kiroba cha Mkaa
Uskochi ndio kiboko. Kule MA, ambayo kwetu ni mastaz, ni digrii ya kwanza, miaka minne, nenda Edinburgh, Glasgow, Aberdeen au St Andrews. Dada yangu kaiandika MA kama ilivyo kwenye cheti, benki mbili zimemwita mwongo. Akabadilisha akaandika BA, ya tatu ikaomba cheti, ikamwita mwongo pia.

Nyamaza Nilale
Bora nyie mnakosa cheti kimoja. Mimi vyote ninavyo ila kila kimoja kina mtu wake. Cha form four kina majina mawili, cha kuzaliwa matatu, kitambulisho kinasema Jumanne na mimi ni Juma.

Mama Ubwabwa
Pole baba. Kapige kiapo kwa wakili.

Nyamaza Nilale
Nilikwenda. Kaandika Jumatano.

Fundi Bolti
Jamani turudi kwenye mada. Mtu mzima na miwani yake anakwambia koti bila

Shemeji wa Taifa
Koti, ngoja kwanza. Jumatano, ikawaje?

Nyamaza Nilale
Nikarudi, akaniambia marekebisho yanalipiwa upya. Nikamuuliza nani alikosea. Akasema "wewe hukutamka vizuri".

Binti Makorora
Jina lako mwenyewe?

Nyamaza Nilale
Jina langu mwenyewe.

Mkorosho Mkavu
Kuna mtu ana wakili wa uhakika Ilala? Cheti changu wameniandika jinsia Ke na usaili ni Alhamisi.