Tupeane uzoefu: biolojia ilikuingia vipi kichwani? (Viumbe hai, uzazi, mzunguko wa damu)

Mwana wa Langoni (mwanzisha mada)

Wanajamvi, assalam aleikum. Mpwa wangu yuko kidato cha nne hapa Lamu na biolojia imemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kusoma anasoma, tena mpaka jirani wanamlalamikia taa. Juzi nikamuuliza: damu ikitoka upande wa kulia wa moyo huenda wapi? Akanimwagia sentensi ya Kiingereza iliyonyooka, haina kosa. Nikamwambia haya, nionyeshe kwa kidole kifuani mwako. Kidole kikaelekea tumboni.

Mimi niliponea kwa moyo wa ng'ombe. Nilikuwa kidato cha pili, mama akanituma bucha, nikaambiwa leo maini yamekwisha, chukua moyo. Nilipofika nyumbani niliingia nao uani kabla mama hajauona. Nikatia kidole kwenye kila tundu. Mshipa mmoja ulikuwa mgumu kama mpira wa bomba la maji, ukiubana unarudi vilevile: ndio aota, mshipa mkuu wa kutoa damu moyoni. Wa pili ulilala chali kama mfuko mtupu, huo vena kava, wa kuirudisha. Nilipoupasua nikakuta ukuta wa kushoto mnene kupita wa kulia kwa mbali, na hapo ndipo akili ilipofunguka. Kulia kunasukuma damu mpaka mapafuni tu, hapo jirani. Kushoto kunasukuma mpaka kwatoni. Vali nazo zilikuwa zimeshikwa na nyuzi nyeupe, kama kamba ya demani inavyolishika tanga lisipinduliwe na upepo.

Na lile lililokuwa likinitesa, kwamba vena ya mapafu hubeba damu yenye oksijeni, likaisha siku ile. Ateri hutoka moyoni, vena hurudi moyoni, basi. Oksijeni ni habari nyingine.

Mama aliupata moyo wake vipande vipande, na makofi nikayapata mazima.

Haya, leteni zenu. Nataka visa vyenu wenyewe, mambo ya "soma kwa bidii" tumeshayasikia.

Mvuvi wa Kipungani

Aleikum salaam. Mimi bucha langu lilikuwa baharini. Nilikuwa nikipaa samaki na baba pwani, na moyo wa samaki hauko unapoudhania, uko mbele kabisa, nyuma ya matamvua, mdogo kama punje ya kunde kwa changu wa kawaida. Atriamu moja (chumba cha kupokea damu), ventrikali moja (cha kuisukuma). Damu inatoka moyoni, inapita matamvuani kuchukua oksijeni, inaenda mwilini moja kwa moja, inarudi. Inapita moyoni mara moja tu kwa kila mzunguko. Sisi inapita mara mbili. Nilijiuliza kwa nini tusumbuke, mpaka mwalimu akasema zile kapilari za matamvua, vile vimishipa vidogo kabisa vya damu, ni nyembamba mno, damu ikishazipita kasi imekwisha, inajikokota. Yetu ikitoka mapafuni inarudishwa moyoni kutiwa nguvu mpya. Ni kama kukokota ngalawa mtangani: ukishachoka unapokezana na mwenzio.

Pweza ndiye aliyenitia kiburi. Ana mioyo mitatu! Miwili ya kusukuma damu kwenye matamvua, mmoja wa mwili mzima. Na damu yake ni ya kibuluu, kwa sababu inabeba oksijeni kwa shaba, si kwa chuma kama yetu. Hayo niliyajua kuliko darasa zima. Basi mtihani ukaja, swali linataka mzunguko wa damu wa mamalia, mimi nikajaza ukurasa mzima wa pweza. Nikapewa sifuri na alama ya mshangao.

Tewa (chewa kwenu mlioko bara) huanza maisha akiwa jike, baadaye baadhi yao hugeuka madume. Mwambie mpwa wako asiliandike hilo kama hakuulizwa.

Mtoto wa Mgema, Malindi

Hahaha pweza na alama ya mshangao. Mimi natoka upande wa Malindi, baba yangu mgema, na niliona haya miaka mingi kusema hivyo shuleni. Kumbe mnazi ulikuwa maabara nzima.

Kwanza uzazi wa mimea. Karara (ala inayofunika maua ya mnazi) likipasuka lenyewe, ndani kuna upunga: maua ya kiume mengi madogomadogo kuelekea nchani, ya kike machache manene kama vifungo, chini kwenye shina la tawi. Mti mmoja una yote mawili. Mpapai ulioko nyuma ya nyumba kwa kawaida haufanyi hivyo, una dume lake na jike lake, ndiyo maana bibi aliukata mmoja uliokuwa ukitoa maua bila matunda, na mimi sasa najua alikata baba wa mapapai yote. Ua la kike la mnazi likishachavushwa linakuwa kidaka, halafu kitale, dafu, koroma, nazi. Wenzangu walikuwa wakikariri hatua za kukua kwa tunda kutoka kwenye picha ya ua lisilojulikana, mimi nazipanda kila asubuhi. Maji ya dafu ni endospermu, chakula cha kiini bado ni maji. Nyama ya nazi ni endospermu ileile iliyokwisha kuganda.

Pili, usafirishaji. Tembo haitoki chini kwenye mizizi kama wengi wanavyodhani. Maji na chumvi za udongo hupandishwa na zailemu. Tembo ni sukari iliyotengenezwa na majani, inashushwa na floemu kwenda kulisha maua. Baba anakata ncha ya karara lisilofunguka, na chakula cha watoto kinadondokea kwenye kibuyu.

Tatu, na hapa ndipo nilipata alama zangu zote: upumuaji usio na oksijeni. Tembo ya asubuhi tamu, ya jioni kali, na povu juu. Hamira za hewani zimeingia, zimekula sukari, zimetoa pombe na kaboni dayoksaidi. Mwalimu alipouliza nani anaweza kueleza, nilinyoosha mkono nikasahau haya yangu. Aliniuliza umejuaje. Nikasema nimesoma. (Mungu anisamehe.)

Kidato cha Tatu B

Hapo kwenye upumuaji mimi naomba msaada. Sisi tuliambiwa sifa saba za viumbe hai, nikazipanga kwa Kiswahili zikakaa kama wimbo: kula, kupumua, kwenda, kuhisi, kukua, kuzaa, kutoa taka. Mwalimu akauliza, je, boti ya injini ni kiumbe hai? Mwenzangu mmoja mbishi akasema ndiyo: inakula dizeli, inakwenda, inatoa moshi. Nikamwambia haizai. Akasema hata nyumbu hazai. Nikanyamaza mpaka leo.

Mwana wa Langoni

@Kidato cha Tatu B mbishi huyo atakuwa wakili. Mjibu hivi: kiumbe hai kina sifa zote saba kwa aina yake, na kimejengwa kwa seli. Boti haina hata seli moja. Nyumbu wa kufugwa, sisi huku tunamwita baghala, ana seli zinazokula, zinazopumua na kugawanyika mwilini mwake mwote. Hazai kwa sababu ya hesabu tu: punda ana kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) 62, farasi 64, mtoto wao anapata 63, na wakati wa kutengeneza mayai au mbegu za kiume zinashindwa kujipanga wawili wawili. Wewe ukipita barazani ukakuta punda wamesimama, hesabu.

Na kupumua kwa hapa si kuvuta hewa. Ni kuvunja chakula ndani ya seli upate nguvu. Hata kiini kilichomo ndani ya mbegu ya mkunde iliyolala ghalani kinapumua, polepole.

Binti Mkomani

Naandika kwa jina la bandia kwa hiyo nitasema.

Mada ya uzazi mwalimu wetu aliikimbia. Alikuwa kijana wa kiume, darasa la wasichana watupu. Alifundisha ua wiki mbili. Stameni, pistili, chavua, mdudu, upepo, tukachora mpaka tukachoka. Alipofika kwa binadamu akasema kurasa zilizobaki ni nyepesi, someni wenyewe. Tulicheka, lakini mtihani haukucheka.

Nilichokuwa nacho ni mafunzo ya somo wangu nilipovunja ungo. Somo alikuwa mwanamke mwenye hekima na ninamheshimu mpaka leo, ila alinifundisha kwamba hedhi ni damu mbovu ya mwili mzima inayojitoa. Nikakaa na kitabu nikaona sivyo. Ni ukuta wa ndani wa mji wa mimba, umejengwa kungojea mgeni. Mgeni hakuja, homoni ya projesteroni inashuka, ukuta unabomoka. Hakuna ubovu wowote. Nilichora kalenda ya siku 28 nyuma ya daftari, nikatia yai kutoka siku ya 14, estrojeni inapanda kabla, projesteroni baada. Kisha nikafuatilia kalenda yangu mwenyewe miezi mitatu, nikakuta mimi si 28 hata mara moja! Siku 28 ni za kitabu, mwili una zake. Kwenye mtihani andika 28.

Jambo la pili tulibishana nalo mimi na somo hadi nilipokuwa mke wa mtu. Yeye alisema mama na mtoto tumboni wana damu moja. Mimi ni kundi O, mwanangu wa kwanza akapimwa, A. Nikamwendea na karatasi. Tungekuwa tunachanganya damu, mwili wangu ungeipiga vita ya mwanangu. Akaniuliza, basi alikuwa akilaje huko ndani? Nikatazama pembeni nikaona mtungi wake wa maji, umetoa jasho nje. Nikamwambia hivyo, kwenye kondo la nyuma kuna ukuta mwembamba, damu yangu upande huu, yake upande ule, chakula na oksijeni vinapenya na taka zinarudi, damu zenyewe hazikutani. Aliugusa mtungi, hakusema kitu. Wiki iliyofuata nilimsikia akimweleza mwari mwingine habari ya mtungi kana kwamba ni yake tangu zamani.

Mjukuu wa Nahodha

Mashallah @Binti Mkomani. Yangu ni fupi. Vali za vena nilizionea mkononi mwa babu. Alikuwa na mikono ya kuvuta kamba miaka arobaini, mishipa imesimama kama mizizi. Nilimfunga leso juu ya kiwiko, si kwa nguvu, mishipa ikatutumka na kuonyesha vifundo. Kila kifundo ni vali. Bonyeza mshipa kwa kidole kimoja chini ya kifundo, kwa kidole cha pili sukuma damu kuelekea juu mpaka upite kifundo, halafu kiinue hicho cha pili. Kipande cha katikati kinabaki kitupu, damu haishuki! Achia kidole cha chini, kinajaa mara moja. William Harvey alionyesha jambo hilohilo kwenye kitabu chake cha 1628.

Babu aliniuliza huyo Harvey ni nani. Kumbe yeye alikuwa na wake: Ibn an-Nafis, tabibu wa karne ya 13 aliyezaliwa Sham akafia Misri, ambaye aliandika kwamba damu haivuki kutoka kulia kwenda kushoto kwa matundu ya ukuta wa moyo, bali inazunguka kupitia mapafuni. Ni karne tatu na zaidi kabla ya Harvey. Kitabu chetu cha shule hakikumtaja kabisa, na hilo linanikera mpaka kesho.

Dada Mkubwa, Malindi

Mimi nilijifunza damu hospitali. Mdogo wetu ana seli mundu. Chembe nyekundu ya kawaida huishi kama siku 120. Zake zinajikunja kama mundu, zinakwama kwenye kapilari (ndiyo yale maumivu ya mifupa) na kufa mapema, kwa hiyo damu hupungua kila mara.

Nilipofika somo la urithi, nilichora kile kisanduku cha vyumba vinne. Baba AS, mama AS (A ni jeni ya kawaida, S ya mundu, na mgonjwa ni mwenye SS). Chumba kimoja AA, viwili AS, kimoja SS. Nikaelewa pia kwa nini huku pwani tuko wengi: mwenye AS hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali, kwa hiyo vizazi vya nyuma walinusurika wakaturithisha. Lakini wazee wangu walikuwa wameielewa ile robo kivyao: mmoja kati ya wanne ameshaugua, basi watatu wanaofuata watakuwa salama. La. Kila mimba inaanza hesabu upya. Nilimweleza mama kwa sarafu, tukairusha mara kumi mezani. Baada ya hapo tulikwenda kupimwa sote. Mimi ni AS. Nimeshamwambia anayenichumbia akapime.

Mwalimu Kijana

Visa vitamu, lakini niwe mkali kidogo. Mtihani wa taifa utakuja kwa Kiingereza. Karatasi ya kwanza na ya pili zina alama 80 kila moja, ya tatu ya vitendo 40, na hakuna msahihishaji atakayekupa alama kwa mtungi wa somo. Elewa kwa Kiswahili, sawa kabisa, nami hufanya hivyo darasani kimyakimya. Ila usiku uleule uandike jibu kwa lugha ya mtihani, majina ya kitaalamu na tahajia zake, bila kutazama. Wengi ninaowaona wanaanguka wamefanya nusu moja tu ya kazi, ama hii ama ile. Na mchoro: mistari ya majina isivukane, na usitie rangi.

Mwana wa Langoni

Ahsanteni. Leo asubuhi nimenunua moyo wa mbuzi, nikamketisha mpwa uani na kisu na daftari. Amepasua vizuri, ametaja ateri ya mapafu bila kukosea, kidole hakikwenda tumboni. Nikaingia ndani kuchukua simu niwapigie picha. Nyinyi mnaijua Lamu na paka wake. Nimerudi nimekuta nusu ya moyo, na mpwa yuko juu ya ukuta anafukuza.

Paka ameondoka na upande wa kulia, ule wenye ukuta mwembamba. Ni paka wa rangi tatu, kwa hiyo karibu hakika ni jike, mpwa ameshalieleza hilo kwa kromosomu X akiwa bado ukutani anahema. Amehesabu na mapigo yake: 118 kwa dakika.

Kesho tunanunua mwingine. Mvuvi, ukipata pweza mzima nipigie.