Kupunguza uzito wa ngazi za kufunga kwenye mti kwa ajili ya uwindaji

Swali
Napanda mahali pa kuvizia kwa vipande vinne vya ngazi ya alumini, vinavyofungwa kwenye shina kwa mikanda yenye bizimu za chuma. Mzigo huu unachosha sana safari inapokuwa ndefu. Je, naweza kutoboa matundu kwenye nguzo na vikanyagio bila kuhatarisha maisha?

Jibu la kwanza
Tafadhali usitoboe. Mkazo hujikusanya kwenye kingo za kila tundu, na alumini huchoka kwa mizigo inayorudiwarudiwa hata ikiwa midogo, kwa hiyo ufa usioonekana unaweza kukua kila unapokanyaga mpaka kikanyagio kikatike ghafla. Karibu na viungo vilivyochomelewa hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu joto la kuchomelea hudhoofisha aloi. Na utakachookoa ni gramu chache tu!

Jibu la pili
Naafiki. Anza na mikanda, ibadilishe kwa kamba: ile ya Dyneema (nyuzi za plastiki imara sana) ni nyepesi kiasi cha kuelea majini, lakini huteleza na mafundo mengi hayashiki, hivyo nunua iliyotengenezwa mahususi kwa ngazi hizi. Kisha acha kipande kimoja cha ngazi nyumbani, na ili usipoteze kimo, ufunge ngazi fupi ya utepe (vitanzi vya kitambaa vya kukanyagia) chini ya kila kilichobaki. Mkanda wa usalama wa mwili mzima usiupunguze hata kidogo. Uunganishe na mti tangu miguu inapoacha ardhi.

Muulizaji
Nashukuru. Ngazi ya utepe haiyumbi?

Jibu la pili
Huyumba, hasa shina likiwa limeinama. Izoee kwanza karibu na ardhi, mchana.