Tupeane uzoefu: GC mpya kwako, unaanzia wapi?

Mkemia wa Nkuhungu: Wakuu, salaam kutoka Dodoma. Maabara yetu imeletewa GC (mashine ya kromatografia ya gesi, inayotenganisha kemikali zikiwa mvuke) iliyokuwa ikitumika kwingine, haina hata kitabu cha maelekezo. Tunataka kupima asidi za mafuta kwenye alizeti. Mliowahi kukabidhiwa mashine msiyoijua, mlifanyaje?

Mama Maabara: Mdogo wangu, joto liache kwanza. Sisi tulifungua oveni tukasoma lebo ya kolamu yenyewe, ule mrija mwembamba ambamo kemikali hutenganishwa: urefu, kipenyo cha ndani, unene wa filamu, kikomo cha joto. Ilikuwa ya mita 60, na programu bado ilikuwa imejazwa 30! Programu hukokotoa mtiririko wa gesi inayobeba sampuli kwa vipimo hivyo, kwa hiyo namba ya kwenye skrini haikuwa na maana yoyote.

Kibaigwa: Naongezea: kagua uvujaji. Oksijeni ikikutana na kolamu yenye joto, kolamu inakufa. Hapa kwetu umeme ukikatika na kurudi, hakuna anayewasha oveni mpaka gesi ipite kwanza kolamu ikiwa baridi. Na kama mnatumia haidrojeni, uvujaji ndani ya oveni unaweza kulipuka. Hilo msilichukulie poa hata kidogo.

Alizeti Singida: Mimi ndiyo kazi yangu hii. Mafuta tunayageuza kwanza kuwa esta za methili, bila hivyo asidi zake hazipiti vizuri. Sindano ya kwanza ni ya kupeleleza tu: maikrolita 1, mgawanyo 1:50 (sehemu ndogo tu ya sampuli inaingia kwenye kolamu, nyingine inatolewa nje), oveni ipande nyuzi 10 kwa dakika hadi karibu na kikomo cha kolamu. Ukishaona vilele (alama za kemikali kwenye chati) vimejazana wapi, hapo ndipo unapunguza kasi ya kupanda.

Kilichonifundisha zaidi ni mpangilio wa vilele. Kolamu ya polietilini glaikoli ilitoa asidi ya steariki, kisha oleiki, kisha linoleiki. Tulipohamia kolamu isiyo ya pola, linoleiki ikatangulia na steariki ikawa ya mwisho. Ukibandika majina kwa kukariri, alizeti yako itasomeka kinyume. Piga standadi (sampuli ya asidi unayoijua tayari) moja moja.

Mkemia wa Nkuhungu: Asanteni sana. Kwa gesi ya kubeba sampuli, heliamu ni ghali, naitrojeni itafaa?

Alizeti Singida: Inafaa, ila ipite polepole, kama sentimita 12 kwa sekunde. Ukiikimbiza kwa kasi ya heliamu, oleiki na linoleiki zitaanza kushikana. Lebo ya kolamu yenu inasemaje?