Naomba ushauri: historia ya reli hapa Moshi iwe kivutio cha wageni

Habarini wakuu. Mimi ni muongoza watalii hapa Moshi. Jambo hili linanikaa rohoni: reli ya kutoka Tanga ilifika hapa 1911, ikafika Arusha 1929, lakini mgeni anakuja, anapanda mlima, anaondoka bila kujua lolote kuhusu reli hiyo.

Nairobi wana makumbusho ya reli tangu 1971. Pale kipo kichwa cha treni ya mvuke namba 5918, aina ya Garratt, chenye uzito wa tani 250 hivi, kinaitwa Mount Gelai. Gelai ni mlima wetu, uko Longido! Nawashukuru majirani kwa kukitunza, bila wao kingekuwa chuma chakavu leo. Kule Wales, reli ndogo ya Talyllyn iliokolewa na watu wa kujitolea mwaka 1951, na hadi sasa inabeba wageni kwa mvuke.

Kichwa cha mvuke kinachotembea ni gharama: boila lazima likaguliwe, mabomba yabadilishwe, na mafundi wake wamezeeka. Naona tuanze na chumba kimoja tu: picha, taa za ishara, tiketi za zamani, na sauti za wazee waliofanya kazi relini, kabla hawajatutoka.

Aliyewahi kuomba kibali Shirika la Reli au Mambo ya Kale, barua inaanzia ofisi gani? Tusajili chama kwanza au tuanze kukusanya? Na kama babu yako alikuwa dereva au mchochea moto wa treni njia ya Tanga, tafadhali niandikie.